Mgomo wa Bibi na Makaroni ya Jibini

Siku Bibi alipostaafu kupika, hakumwandikia mtu barua. Alipakua chakula cha mchana, akasubiri watu washibe, akaosha masufuria, akajifuta mikono kwenye aproni, kisha akaivua ile aproni na kumtundikia mumewe begani kama mtu anayetundika koti kwenye msumari.

"Mzee," akasema, "nimepata nafasi chuo cha ufundi. Umeme. Miaka mitatu. Jumatatu naondoka."

Mzee alikuwa anachokonoa meno. Kijiti kilisimama katikati ya safari.

"Na chakula?"

Si "hongera". Si "umeme wa nini tena, mama watoto, na miaka yako hamsini na tisa?" Alichokiona kwanza ni sahani. Wanaomfahamu mwanamke huyu wanasema kwamba bwana yule angeuliza swali lingine lolote, pengine mambo yangekwenda kwa upole. Lakini ndiyo hivyo, alikwishauliza, naye akajibiwa kwa maneno ambayo jirani mmoja aliyasikia dirishani na kuyatangaza mtaa mzima kabla ya saa kumi: "Nimepika miaka thelathini na minne. Kuanzia leo mpaka nimalize chuo, mkono huu haumkorogei mtu hata uji. Mwenye njaa ana mikono miwili."

Kisa cha umeme kilianzia kwenye soketi. Jikoni mwake kulikuwa na soketi inayouma. Kila akichomeka birika, inamng'ata kidole, naye anapiga kelele, na mumewe sebuleni anasema bila kuinua macho kwenye gazeti, "Nitaita fundi." Fundi huyo aliitwa kwa mdomo miaka kumi na mmoja na hakuwahi kuonekana hata kivuli. Mwishowe mama mwenyewe akanunua bisibisi, akazima swichi kubwa, akaifungua ile soketi, akakuta waya mmoja umelegea. Akaukaza. Dakika kumi. Akakaa sakafuni akacheka peke yake, kisha kicheko kikageuka hasira, kisha hasira ikavaa viatu na kwenda kuchukua fomu. Vyeti vyake vya sekondari, vyenye alama za fizikia ambazo hazikuwahi kumfaa mtu, alivitoa chini ya sanduku, penye vitambaa vya meza.

Binti yake mkubwa, muuguzi, alijaribu kumtisha kitaalamu. "Mama, na presha yako je?"

"Presha yangu naiacha hapa kwenye sufuria. Atakayepika ataikuta."

Na fedha za watoto alizikataa, kwa sababu alijua pesa ya mtoto huja na masharti makali kuliko ya benki. Akauza cherehani yake, akaenda.

Hosteli ilimpokea kama inavyompokea kila mtu, yaani vibaya. Chumba cha watu wawili, vitanda vya chuma, kabati lenye mlango unaofunguka wenyewe kila mtu akipiga chafya. Wanafunzi wote walimwita Bibi tangu siku ya kwanza, akaona afadhali kuliko "mama", maana "mama" huombwa chakula na bibi huombwa hadithi, na hadithi hazihitaji kuosha vyombo.

Mwenzake wa chumba alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mwembamba kama antena, anayesomea kuchora ramani za majengo. Aliwasili na begi la nguo, godoro la kukunja, na kwa upande wa vyombo vya jikoni, kijiko kimoja. Hakuwa na sahani wala kikombe. Kwa hiyo jina lake likawa Kijiko, na nadhani hata walimu walisahau lile la kwenye orodha.

Kijiko alikuwa na njaa ya kudumu na simu yenye kioo kilichopasuka, na vitu hivyo viwili vikikutana ni hatari. Mgahawa wa chuo ulifungwa Jumamosi na Jumapili. Siku hizo wawili hao waliishi kwa mkate mkavu na chai ya rangi, na Kijiko akawa anatazama kwenye simu watu wa mbali wakipika. Chakula kilichomloga kilikuwa makaroni ya jibini. Aliitazama ile video mara nyingi kiasi kwamba Bibi, akiwa amelala na macho yamefungwa, alijua sasa maziwa yanamiminwa, sasa jibini linayeyuka, sasa Kijiko anameza mate.

"Bibi, hebu ona linavyovutika."

"Nimekwishaliona kwa masikio."

"Tunaweza kupika hiki. Si ghali. Makaroni pakiti moja, jibini kidogo..."

"Wewe unaweza. Mimi nimegoma."

Jumamosi iliyofuata Kijiko akajitosa. Jiko la wanafunzi lilikuwa chini, karibu na chumba cha wageni: meza ya bati, sinki linalovuja, na jiko la umeme lenye sahani mbili ambalo mhandisi wake, kama alikuwapo, alikwishafariki. Bibi alimfuata na kitabu chake cha mikondo ya umeme. Alisema anakwenda kusomea huko kwa sababu ya mwanga. Mwanga wenyewe ulikuwa wa balbu moja yenye kinyesi cha nzi.

Kijiko akamimina makaroni kwenye maji ya baridi, akawasha jiko, akaenda kuosha nywele.

Bibi alitazama sufuria. Sufuria ikamtazama. Mtu aliyepika miaka thelathini na minne akiona makaroni yanalowa kwenye maji baridi ni kama imamu au padri aliyefungiwa ndani ya baa: hana la kufanya ila kuomba. Alifungua kitabu, akakishika juu chini, akasoma ukurasa mzima hivyo hivyo.

Kijiko aliporudi na taulo kichwani, makaroni yalikuwa yamekuwa uji wenye mifupa.

"Bibi, niambie basi. Neno moja tu."

"Sipiki."

"Sijakuambia upike. Nimekuomba uongee."

"Kuongea ni nusu ya kupika. Mimi najijua. Nikianza na neno, dakika tano utaniona nimeshika mwiko."

Kijiko akatumbukiza kipande kizima cha jibini ndani ya uji ule, kwa imani ya mtu anayetupa sarafu kisimani. Jibini halikuyeyuka likawa mchuzi kama kwenye simu. Lilijikusanya, likajikunja, likageuka kitu kama soli ya kandambili iliyoachwa juani. Walilila, kwani njaa haina adabu. Kijiko alitafuna kimya, na machozi yakamlengalenga, akasingizia shampuu.

Hapo ndipo moyo wa Bibi ulipotaka kumsaliti. Usiku ule hakulala vizuri, lakini kiapo ni kiapo, hasa kile ambacho jirani amekitangaza. Akatafuta njia ya pembeni. Kugoma kupika, alijiambia, si kugoma kubishana bei. Siku ya pili yake akaongozana na Kijiko hadi duka kubwa la vyakula, kaunta ya jibini, ambako kijana mwenye kofia ya plastiki alikuwa anakata mapande makubwa na kutupa ncha zake kwenye ndoo.

"Hizo ncha mnazifanyaje?" Bibi akauliza.

"Hizo, mama? Zimekauka pembeni. Hazina sura."

"Na mimi sina sura, mbona nimeingia dukani? Nipimie mfuko."

Wakabishana mpaka foleni nyuma yao ikaanza kuunga mkono upande mmoja au mwingine. Wakatoka na mfuko wa ncha za jibini za kila rangi, manjano, nyeupe, na moja yenye ukoko mwekundu, kwa bei ya mkate. Maziwa yalikuwa ya unga, ya pakiti ndogo. Siagi ilikuwa ile ya mkebe, inayokaa nje ya friji bila kulalamika. Unga wa ngano Kijiko aliuomba chumba cha pili, nusu kikombe, akaahidi kurudisha na wote wakajua hatarudisha. Kikwaruzio cha jibini hawakuwa nacho, basi Bibi akachukua mkebe mtupu karakanani, akautoboa kwa msumari na nyundo, matundu mistari kumi na miwili, yamenyooka kama kazi ya mtihani.

"Bibi, hicho si chombo cha jikoni?"

"Hii ni kazi ya bati. Ukikitumia jikoni, shauri yako."

Jumamosi ikafika. Safari hii Kijiko alikuwa amejiandaa: ameandika hatua zote kwenye karatasi ya ramani, kwa rula. Akabonyeza swichi ya jiko. Kimya. Sahani ya pili, kimya vilevile. Akaligonga ubavuni, kama tunavyoligonga sote.

"Bibi," akasema kwa sauti ya msiba, "jiko limekufa."

Bibi alifunga kitabu. Wasichana waliokuwapo wanasimulia kwamba macho yake yalimeta kama ya mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye bahati nasibu. Akachomoa waya ukutani, akaligeuza jiko kifudifudi, akafungua skrubu nne, akaingiza pua ndani. Waya mmoja ulikuwa umeungua kwenye kiungio, mweusi kama kiberiti kilichokwisha. Akaukata, akauchuna upya, akaukaza, akajaribu kwa testa, akafunga. Akachomeka. Sahani ikaanza kupata wekundu polepole.

Alisimama tu mbele ya lile jiko na kuota moto usiohitajika, na kwa mara ya kwanza tangu aje chuoni hakujihisi mzee miongoni mwa watoto.

Na ndipo msichana mmoja akaja mbio kutoka getini. "Bibi! Kuna babu chumba cha wageni. Anasema amekuja kukuchukua."

Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mfuko wa plastiki mapajani. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi upande mmoja. Mkanda ulikuwa na tundu jipya, limetobolewa kwa kisu. Huyu alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo serikalini mpaka alipostaafu. Wauza nyama walikuwa wakimwona kwa mbali wanaanza kutubu. Sasa alionekana kama yeye ndiye aliyepunjwa.

"Shikamoo, Babu," Kijiko akasema kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Marahaba, mjukuu." Kisha akamgeukia mkewe. "Mama watoto. Wiki ya sita hii."

"Najua kuhesabu. Nasoma hesabu tena."

"Ninakula kwa binti yako. Ananitazamia sahani kama mimi ndiye ninayekaguliwa." Akafungua mfuko, akatoa kitu kilichokunjwa. "Nimekuletea aproni yako. Nimeifua."

"Mwenyewe?"

"Kwa sabuni ya kuogea."

Bibi akaishika. Ilinuka waridi. Akataka kucheka na akataka kumpiga nayo, na kabla hajaamua, sauti ya Kijiko ikatoka jikoni:

"Jamani, mtu aje! Siagi imeyeyuka, natakiwa nikoroge huku namimina, na karatasi inasema nisiache kukoroga hata kidogo! Bibi!"

"Nimegoma!"

"Babu!"

Mzee akatazama nyuma yake kana kwamba kuna babu mwingine. Hakuwapo. Akainuka, akaingia jikoni, Bibi nyuma yake, naye Kijiko akainyakua ile aproni mkononi mwa Bibi na kumfunga Mzee nayo kiunoni kabla hajapinga.

"Shika mwiko. Natia unga."

"Kiasi gani?"

"Kidogo tu, Babu."

Mzee akauondoa mwiko kwenye sufuria. "Kidogo ni kipimo gani?"

"Kidogo... hivi."

"Binti, mimi nimefunga maduka ya watu kwa sababu ya 'kidogo'. Lete hiyo karatasi."

Akavaa miwani, akasoma kama hati ya mashtaka. Akaomba kijiko, na kijiko kilikuwapo. Akachota unga, akausawazisha juu kwa mgongo wa kisu, mara mbili, kwa vijiko viwili vya siagi. Akaukoroga mpaka ukatoa harufu ya biskuti. Maziwa aliyagawa mafungu matatu yaliyo sawa, akiyainua kwenye mwanga kuhakikisha, na kila fungu alilimimina kama uzi huku mwiko ukizunguka chini ya sufuria bila kupumzika. Fungu la kwanza likawa kinyunya. La pili, uji mzito. La tatu likaufanya mchuzi laini, mweupe, unaong'aa, usio na donge hata moja.

"Sasa ondoa kwenye moto ndipo utie jibini," akasoma. "Mbona umeandika 'ondoa' kwa herufi kubwa?"

"Kwa sababu ya Jumamosi iliyopita," Kijiko akasema.

Jibini lililokwaruzwa kwenye mkebe likaingia konzi kwa konzi, likazama, likapotea, na mchuzi ukawa wa manjano. Makaroni, yaliyochemshwa safari hii kwenye maji yanayotokota na kuchujwa yakiwa bado yana ubishi kidogo mdomoni, yakafuata. Juu yake Kijiko akanyunyiza mkate mkavu alioukaanga na siagi ukawa chengachenga.

Bibi alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani.

"Miaka thelathini na minne," akasema taratibu. "Kumbe mikono ulikuwa nayo."

Mzee hakugeuka. "Nilikuwa nayo. Ulinifukuza."

"Mimi?"

"Mwaka wa pili wa ndoa. Ulikuwa na mimba ya huyu muuguzi, hunyanyuki kitandani. Nikakupikia uji. Ukaonja, ukaumwaga dirishani. Kisha ukawasimulia wanawake wa mtaa, wakanicheka mwezi mzima. Kuna mmoja mpaka leo ananiita Bwana Madonge."

Bibi akaishusha mikono yake. Aliukumbuka uji. Hakuwa ameukumbuka kwa miongo mitatu, na sasa ukamjia mzima mzima, pamoja na uso wa kijana mmoja aliyesimama mlangoni na bakuli, anasubiri kusifiwa.

"Ulikuwa na madonge kama kokoto," akasema, lakini kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa nayo, sikatai. Ningejifunza."

"Kwa hiyo ukanuna miaka thelathini na mitatu kwa ajili ya bakuli moja?"

Mzee akafikiri. Alikuwa mtu wa vipimo, na hakupenda kuzidisha hata kosa lake mwenyewe. "Kununa kulikuwa kama mwaka mmoja. Iliyobaki ni kuzoea. Na kuzoea kulikuwa kutamu, siwezi kukudanganya."

"Angalau umesema."

"Na wewe je?"

Kijiko, ambaye alikuwa na akili kuliko umri wake, alijifanya anatafuta chumvi.

"Sikupaswa kuumwaga," Bibi akasema. "Ningeweza kuuficha uvunguni."

Wakala watatu, kwenye sufuria ile ile, kwa kijiko kimoja na uma mbili za kuazima. Tumbo la Kijiko liliongea kwa sauti, hakuna aliyemlaumu. Jibini lilivutika kutoka sufuriani hadi mdomoni, uzi mrefu usiokatika. Zile ncha zisizo na sura zilikuwa zimeleta ladha tano kwa bei ya moja: chumvi, ukali, na kitu cha mbali chenye utamu wa karanga ambacho lazima kilitoka kwenye ukoko mwekundu. Mzee alikwangua chini ya sufuria, kisha akakwangua pale alipokwishakwangua.

Aliposhiba akajipangusa mdomo. "Haya. Twende."

"Twende wapi?"

"Si nimekuja kukuchukua?"

"Ulikuja kula," mkewe akasema. "Umekula. Tena umepika."

Mzee akamtazama, akaitazama sufuria, akalitazama jiko. "Nani amelitengeneza hili? Mjukuu alisema lilikuwa limekufa."

"Mimi."

Akabonyeza swichi, akazima, akabonyeza tena. Hakusema hongera hata siku hiyo, maana kuna watu neno hilo huwakwama kooni kama mwiba. Alisema, "Inawaka sawasawa." Lakini kwa mkaguzi, hilo ndilo neno la juu kabisa, na Bibi aliligeuza geuza kichwani wiki nzima. Mzee akanakili vipimo vyote nyuma ya tiketi yake ya basi, akaondoka na aproni.

Baada ya hapo, simu za nyumbani zilibadilika. Mzee hakumpigia mkewe, alimpigia Kijiko. Je, maziwa ya ng'ombe yanahitaji unga uleule? Je, haradali robo kijiko itaharibu? Wawili hao waliongea kama wahandisi wa daraja, na Bibi kitandani alijifunika shuka asisikie. Binti muuguzi naye alipiga. "Mama, rudi. Baba anapika makaroni mara nne kwa wiki. Wajukuu wamenenepa. Juzi amemwita mwenye duka la jibini mwizi, mizani yake imezidi gramu sita."

"Si amestaafu?"

"Mwambie wewe!"

Mwisho wa mwaka Bibi akafaulu masomo ya vitendo yote na kuanguka hesabu. Akalia siku moja, Kijiko akamfundisha majuma matatu, akarudia mtihani, akapita kwa alama mbili. Ndipo akaenda nyumbani likizo.

Alipofika hakuruhusiwa kuingia jikoni. Aliketishwa mezani kama mgeni wa heshima, kitambaa kimetandikwa, maji kwenye jagi. Mzee akaja na sahani, aproni kiunoni, akaiweka mbele yake, akabaki amesimama na mikono nyuma. Bibi akachota. Akatafuna taratibu. Mchuzi ulikuwa laini, makaroni yameiva sawia, na juu kulikuwa na ukoko wa dhahabu ambao hata yeye hajui ulipatikanaje.

"Chumvi," akasema.

"Imo. Kijiko kimoja kasorobo, nimesawazisha."

"Haitoshi."

"Kipimo ndicho hicho."

"Ulimi wangu unasema haitoshi."

"Ulimi si chombo kilichothibitishwa."

Wakabishana hapo mezani, wote wawili wamechangamka, hakuna anayempisha mwenzake, mpaka binti yao akaja kuuliza kama kuna usalama. Alikuta sahani tupu, na baba yake anakwenda kutia nyingine.